Mwaka Niliokuwa Mfaransa

Jumamosi iliyopita Kodjo, Mtogo niliyefanya naye kazi zamani, alimfanyia binti yake sherehe ya kumaliza shule, ndani ya gereji ya nyumba yake pale Savage, Minnesota, magari yametolewa nje, viti vya kukunja vimepangwa mpaka kwenye majani ya jirani. Mimi sijafika hata kwenye sahani nikasikia sauti yake ikinipigia kelele kutoka kwenye jiko la kuchomea nyama: "Ma sœur! Dada yangu! Madame la Parisienne! Njoo uwasalimie wageni kwa Kifaransa!" Tulikuwa watu kama thelathini. Watogo wenzake, Wahaiti wanaofanya naye kazi, Wakongo wa kanisa letu, mama mmoja wa Kamerun mwenye kilemba kirefu kuliko mlango, na wote wakageuka kuniangalia. Magoti yangu siku hizi yanalia kuliko bawaba, nina mjukuu anayenijibu Kiingereza kila nikimsemesha, lakini makwapa yalilowa palepale kama ya msichana aliyeitwa ubaoni. Nikasema bonsoir, nikaingia nyuma ya meza ya vinywaji, nikajifanya natafuta barafu. Kodjo alicheka mpaka akaangusha koleo la nyama. Ana haki ya kucheka. Na kutoka kule nyuma ya barafu niliwatazama watu wale, kila mmoja na lugha ya mama yake mfukoni, wote wanaelewana kwa lugha ya Mfaransa, na Mfaransa mwenyewe hakuwepo hata mmoja. Hakualikwa. Nikajiuliza lugha hii inatembeaje hivi, inavuka bahari, inaingia gereji za watu, na mimi imenifuata tangu utoto kama mtu ninayemwogopa halafu namkuta kila arusi.

Lazima nieleze kitu kimoja, maana Mkenya au Mtanzania akisoma hapa hataelewa kwa nini mtu mzima anaweza kudanganya juu ya lugha. Kwetu, kule Bukavu, Kongo, Kifaransa ni suti. Huvai kwa sababu ya baridi, unavaa ili watu wakuone umevaa. Unaweza kuwa na Kiswahili, Mashi, na Kilingala cha kutosha kumwomba askari msamaha, lakini kama Kifaransa huna, wanasema huyu hakusoma, na maongezi yanaishia hapo. Mimi nilisoma. Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari, halafu shule ikafungwa kwa ajili ya vita, na ilipofunguliwa nilikuwa nimeshazoea kutokwenda. Kilichobaki kichwani ni viungo: donc, mais, déjà, vraiment, en tout cas. Viungo vyote ninavyo, nyama ndiyo hakuna. Ukinisikia kwa mbali kanisani nikitangaza michango unaweza kusema huyu mama alifika chuo kikuu. Usisogee karibu.

Basi mwaka ule, mwaka wetu wa kwanza Minnesota, nilikaa mbele ya dada mmoja wa ofisi ya kutafutia watu kazi, Saint Paul, naye akaniuliza kwa Kiingereza cha polepole ninaongea lugha gani. Jibu la kweli lilikuwa Kiswahili. Lakini nyuma yangu, kwenye viti vya kungojea, walikaa mama wawili wa kwaya yetu, mmoja wao mke wa mwalimu, na nilisikia jinsi walivyonyamaza ili wasikie vizuri. Mdomo wangu ukasema wenyewe: "Français." Na ile r niliitoa kooni kabisa, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Yule dada akafurahi, akaandika, akapiga na mstari chini. Mimi nikaona yameisha. Kwetu karatasi inalala kwenye droo mpaka panya waisome. Sikujua kuwa hapa karatasi ina miguu. Baada ya wiki mbili simu ikalia: nyumba moja ya kutunzia wazee, Eden Prairie, inatafuta haraka mhudumu anayejua Kifaransa.

Eden Prairie bila gari hufiki, na mimi gari nililiona dirishani tu. Aliyenibeba alikuwa Wairimu, Mkenya, nesi mkuu wa zamu yetu ya mchana, tulikaa mtaa mmoja Savage karibu na vile viwanda vya kando ya mto. Mwanamke mwema, mkali kazini, na anayependa kuongea asubuhi kuliko redio. Wiki ya kwanza tu akaanza.

"Nabintu, kwani French ni ngumu aje? Mimi high school nilitoka na bonjour peke yake."

"Si ngumu," nikasema, nikitazama theluji.

"Hebu niambie kitu basi."

"Kitu gani?"

"Chochote. Sema leo kuna baridi mbaya na huyu dereva ni mrembo."

"Il fait froid," nikasema, hiyo ninayo. Mapengo nikayajaza: "Donc, vraiment, en tout cas, chauffeur, déjà."

Wairimu akapiga usukani kwa furaha. "Weh! Si inaflow kama maji! Nyinyi Wakongo mnazaliwa mkiongea hiyo kitu."

Nikacheka naye. Na kila nilipojaribu kusahau uongo wangu, mji wenyewe ulinikumbusha. Nikipanda basi kwenda Minneapolis, mabango ya barabara yanasema Hennepin, Nicollet, Marquette. Nilidhani ni majina ya wenyeji wa zamani wa hapa, mpaka nikaambiwa hapana, ni Wafaransa, walipita huku na mitumbwi yao wakinunua ngozi za wanyama na kuhubiri, wakaondoka, majina yakabaki, na Wamarekani wanayatamka wanavyotaka. Nilikikimbia Kifaransa darasani, nikavuka bahari, nikakikuta kimeshafika kabla yangu na kimepewa barabara.

Niliyeajiriwa kwa ajili yake aliitwa Madame Odile. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido, dirisha linatazama maegesho na kidimbwi ambacho bata bukini walikigombania mpaka kikaganda. Ukutani msalaba, picha ya nyumba ya shamba iliyozikwa theluji mpaka madirishani, na picha ya wasichana tisa wamepangwa kwa urefu, yeye ni wa nne. Kitanda kilinuka losheni ya rozi. Alizaliwa kaskazini ya Minnesota, kwenye shamba la watu waliotoka Kanada, na kwao ndani ya nyumba kiliongewa Kifaransa tu. Kiingereza alikikuta shuleni, akakitumia miaka sabini, akaolewa nacho, akazaa nacho. Halafu ugonjwa wa kusahau ukaja, na ulipoanza kubomoa ukabomoa vya mwisho kwanza. Kiingereza kikaenda chote. Kikabaki kile cha jikoni kwa mama yake. Binti yake, Denise, mwenye jina la Kifaransa lakini Kifaransa chenyewe hakufundishwa, alikuwa amefika mahali pa kukaa na mama yake mzazi bila neno la pamoja. Ndiyo maana aliposikia wamempata mtu, alinishika mikono yote miwili akalia. Mimi nikalia pia. Alidhani ni huruma.

Siku ya kwanza Madame Odile aliniangalia kwa macho ya kijani, akaongea kwa muda mrefu, kwa sauti ya puani inayopanda na kushuka, na sikukamata hata neno moja. Nilisema ndiyo, "Oui, Madame." Akanyamaza, akaniangalia tena, akaongea tena. "Oui, Madame." Hivyo ndivyo tulivyoishi. Nilimwosha, nilimvalisha, nilimlisha viazi vya kuponda na ile jeli ya rangi inayotetemeka kama mimi, na kila alichosema niliitikia. Tableti ya kazini ilikuwa na mahali pa kuandika mzee amesema nini leo. Niliandika: anasema yuko sawa. Kesho yake: anasema amelala vizuri. Kila nikiandika niliahidi kuwa wiki ijayo nitakuwa nimejifunza.

Mwalimu wangu alikuwa Kodjo, mpishi. Tulikutana kwenye chumba cha mapumziko, siku niliyopasha ndagala, wale dagaa wa kwetu, kwenye maikrowevu na wafanyakazi wote wakakimbia kama kuna moto. Yeye peke yake aliingia, akavuta hewa kwa macho yaliyofumbwa, akasema kwa Kifaransa maneno mazuri kama ya kwenye misa. Nikajibu na viungo vyangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavuta kiti, akaniambia kwa kile Kiingereza chetu cha kuungaunga, "Ma sœur, unaongea Kifaransa kama mtu anayevuka barabara kubwa. Unaruka, unasimama, unaomba Mungu, unaruka tena."

"Usimwambie mtu."

"Nitamwambia nani? Nipe samaki."

Tukaelewana hivyo, samaki kwa masomo. Dakika ishirini kila siku, kati ya sufuria zake. Alinifundisha maji, kiti, njaa, baridi. Nikirudi chumbani nikamwambia Madame Odile vile nilivyofundishwa, aliniangalia kama mtu anayemsikia paka akiimba. Nikasema ni mimi, ni matamshi yangu, ni shule yangu ya nusu.

Lakini Jumapili ndizo zilizoniogopesha zaidi. Denise alikuja kutoka kanisani akakaa kwenye kile kiti cha dirishani, mama yake akaongea, na yeye akanigeukia: "Anasema nini?" Sasa wewe ungefanyaje? Mtu amevaa vizuri, amemletea mama yake biskuti, anakuangalia kama mtoto anayengojea matokeo ya mtihani. Nikasema, "Anasema umependeza. Anapenda nywele zako." Denise alishika nywele zake, akawa mwekundu mpaka shingoni. Jumapili iliyofuata alikuja amezitengeneza upya. "Leo je?" Nikasema anazipenda zaidi. Nilimpa salamu, nilimpa baraka, nilimpa shukrani ya miaka ya nyuma. Siku moja aliniambia mama yake hakuwahi kumsemesha hivyo maisha yote. Nikaenda chooni nikakaa juu ya mfuniko, nikahesabu vigae vya sakafu. Sasa nikikumbuka naona kuwa sikuwa namdanganya kwa ubaya, na pia naona kuwa hilo halisaidii. Mtu anayekupa maji machafu kwa upendo, bado unaumwa tumbo.

Mwezi wa pili, wakati baridi inakatisha pumzi, Madame Odile aliacha kutaka kusimama. Wakasema ni ugonjwa unaendelea. Ndivyo unavyokwenda, miguu inasahau. Lakini mimi ndiye niliyemvalisha, na kila nilipoingiza mguu wa kulia kwenye suruali alinishika kiganja akakibana, kwa nguvu ambayo sikujua anayo, na akaongea. Si kama zamani. Maneno machache, yaleyale, kila siku yaleyale, usoni kwangu. "Oui, Madame." Niliandika: anasema yuko sawa. Siku ya pili niliandika hivyohivyo, na siku ya tatu. Nilianza kuota ule mkono. Kwenye gari Wairimu aliniuliza kwa nini siongei, nikasema meno. Siku ya tisa nilishindwa, nikaenda jikoni nikamvuta Kodjo kwa aproni.

"Njoo usikilize. Wewe unakijua chenyewe. Njoo uniambie anasema nini."

Aliingia chumbani kama waziri. Akainama, akamjulia hali, "Bonjour, Madame, comment allez-vous aujourd'hui?" na nilifurahi kusikia maneno mazuri hivyo ndani ya kile chumba. Madame Odile akageuka. Akamshika mkono. Akaongea, akaongea, akalia kidogo, akaongea. Kodjo akaitikia kwa kichwa polepole. "Oui," akasema. "Oui, oui, bien sûr, Madame." Tukatoka koridoni.

"Anasemaje?"

"Anasema..." Alipangusa mikono kwenye aproni, na mikono ilikuwa safi. "Anashukuru. Anasema mnamtunza vizuri."

Uso ule niliujua. Niliuvaa mwenyewe kila siku kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tisa. Vile nyusi zinavyopanda kidogo, vile macho yanavyokimbilia bega la mtu.

"Kodjo. Hujaelewa kitu."

"Nimeelewa!"

"Umeelewa nini? Niapie kwa binti yako."

Akatazama huku na huku. Mtu mkubwa yule, mabega kama friji, akaninong'oneza: "Ma sœur, nimepata 'Madame' na nimepata 'non'. Kifaransa hiki si cha kwetu. Watu wake walikichukua Ufaransa kabla babu za babu zetu hawajakisikia, wakakifungia kwenye theluji. Mimi nimefundishwa na mapadri! Nitamwambiaje mtu kuwa sikielewi?"

Kwa sekunde moja nilitaka kucheka. Kumbe hata wenye suti, suti inawabana. Halafu hofu ikanirudia yote kwa pamoja, kwa sababu nilielewa maana yake: katika jumba lile lote, lenye manesi na ratiba na mashine, hakukuwa na mtu hata mmoja anayemsikia mwanamke yule, na aliyeandika kila siku kuwa anasikika ni mimi. Kama Kodjo angejua, ningemtupia mzigo. Hakujua. Niliona kazi ikiondoka, niliona wale mama wa kwaya wakisimuliana. Miguu ilinipeleka kwenye ofisi ya Wairimu huku kichwa kikiikataza.

Alikuwa anakula chapati juu ya kibodi. "Niambie."

"Sijui Kifaransa."

"Ati?"

"Sijui. Sijawahi kujua. Yale ya kwenye gari nilikuwa naunga-unga. Na Madame Odile ana kitu kwenye mguu wa kulia, anakisema siku tisa, na mimi ninaandika yuko sawa."

Aliweka chapati chini. Akavuta tableti, akapitisha kidole, siku baada ya siku, anasema yuko sawa, anasema yuko sawa, na kila alipopitisha nilisikia kama ananikwangua. "Nabintu," akasema mwishowe, polepole. "Mimi nimesaini hizi zote." Akainuka, akanipita bila kunigusa, na viatu vyake vikalia koridoni kwa haraka.

Ulikuwa mfupa wa nyonga. Ufa mwembamba, daktari alisema, labda aliteleza bafuni na hakuna aliyeona. Walimpeleka hospitali alasiri ileile. Mimi niliandikishwa maelezo, kurasa tatu, kwa Kiingereza changu, na ndiyo insha ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika. Walinitoa kwenye korido ile wakanipeleka chumba cha kufulia, nikakaa kule na mashuka mpaka mwezi wa nane, na kwenye karatasi yangu wakafuta lile neno lenye mstari chini. Wairimu aliendelea kunipa lifti. Miezi miwili tulisikiliza redio.

Lakini kabla ya hapo, kesho yake, nilikwenda hospitali. Hakuna aliyenituma. Nilipanda mabasi matatu, nikamkuta Denise kando ya kitanda, nywele hazijachanwa, na kwenye kistendi chenye magurudumu kioo cha video chenye uso wa mwanamume. Mkalimani. Wa kwanza walimpata mama wa Paris, akaomba kurudiwa mara tano akaaga. Huyu alikuwa Kanada, na alipomsikia Madame Odile alicheka kwa furaha, akasema anaongea kama bibi yake mzaa mama. Madame Odile alikuwa anatiririka. Miezi yote ile ya maneno. Akaniona mlangoni, akaninyooshea kidole, akasema kitu, na yule mwanamume akasita.

"Sema," Denise akamwambia.

"Anauliza huyu ni nani. Anasema kila siku alimwambia huyu mwanamke mguu unauma, na huyu kila siku alimjibu ndiyo. Anauliza, kama alisikia, mbona hakufanya kitu?"

Mashine ilihesabu moyo wa Madame Odile, na mimi nilitamani ihesabu wangu, wao wapate jibu humo. Nikasogea mpaka mbele ya kioo.

"Mwambie sikusikia. Mwambie Kifaransa sijui, niliona haya kusema sijui. Mwambie haya zangu ndizo zilizomlaza na mguu ule."

Akamwambia. Ilichukua muda. Madame Odile alinitazama bila kupepesa, na Denise naye alinitazama, na niliona hesabu ikipita usoni kwake, Jumapili moja, Jumapili nyingine, mpaka mkono wake ukapanda kichwani peke yake.

"Kwa hiyo nywele zangu..."

"Nywele zako ni mimi niliyezipenda," nikasema.

Alitoa sauti ambayo sijui mpaka leo kama ni kicheko. Akageukia dirisha akakaa hivyo, mabega yake yakienda juu na chini, na sikuthubutu kumgusa. Kitandani mama yake akasema jambo fupi.

"Anasema wewe uliyesimama hapo uje umsogezee mto," mkalimani akasema. "Chini ya goti. Yeye haufikii."

Nikaja. Nikauinua mguu kwa mikono miwili, taratibu, nikauweka mto. Kisha nikamwambia yule mwanamume, "Muulize, hapa panauma?"

"Anasema ndiyo."

Nikautoa mto, nikaukunja, nikaurudisha. "Na hapa?"

"Kidogo."

Nikausogeza kwa upana wa kidole. "Na hapa?"

Madame Odile akafumba macho.

"Anasema acha hapohapo."

Nikaacha hapohapo, na mikono sikuiondoa.